Tuliimba Kizulu huku diski ikining'inia shingoni

Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani Malakisi. Asubuhi moja nilikaa kibarazani nikinywa chai, huku mpwa wangu, binti ya dada yangu aliye kidato cha pili, akiosha vyombo nyuma ya jikoni. Alikuwa akiimba. Kwanza sikutilia maanani, maana vijana wa siku hizi huimba mchana kutwa. Kisha sauti ikapanda, nikaitambua. Ulikuwa ule wimbo wa filamu ya Sarafina! unaotabiri kwamba uhuru unakuja kesho.

Nikamwita. "Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Khocha, si ni wa drama," akanijibu huku akifuta mikono kwa leso. "Tuliuimba shuleni. Kila mtu anaujua."

"Na unahusu nini?"

Akafikiri kidogo. "Uhuru. Wa Afrika Kusini. Si ndiyo?"

Ndiyo, lakini jibu hilo halikunitosha. Binti huyu alizaliwa zaidi ya miaka 15 baada ya filamu hiyo kutoka. Hakuwahi kuishi katika dunia yenye ubaguzi wa rangi wa kisheria, na Soweto hajaiona ila kwenye ramani. Nyimbo zilizovuma mwaka juzi ameshazisahau. Kwa nini basi hizi za mwaka 1992 bado zinatoka kinywani mwake kana kwamba zimetungwa jana? Swali hilo ndilo ninalotaka tulichambue leo, na nitaomba radhi mapema kwa msomaji aliyetarajia sarufi tupu. Sarufi itakuja, tena palipo na uzito.

Tuanze na yanayojulikana. Sarafina! ilianza kama tamthilia ya muziki. Mbongeni Ngema ndiye aliyeibuni, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 katika ukumbi wa Market Theatre jijini Johannesburg. Mwaka uliofuata ikavuka bahari hadi Broadway, New York. Nyimbo nyingi ni za Ngema mwenyewe. Nyingine zilitungwa na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta aliyekuwa uhamishoni. Filamu ilitoka mwaka 1992 ikiongozwa na Darrell James Roodt. Leleti Khumalo aliigiza Sarafina, Whoopi Goldberg akawa mwalimu wa historia, na Miriam Makeba akawa mama yake Sarafina, mfanyakazi wa nyumbani katika makao ya Wazungu. Kisa chenyewe kinakitwa katika maasi ya wanafunzi wa Soweto, yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976.

Muziki huu ni jazi? Hapa wapenzi wa jazi ya Marekani watanirukia, kwa sababu mwingi wa muziki wa Sarafina! huitwa mbaqanga. Neno umbaqanga katika Kizulu ni jina la chakula cha mahindi, chakula cha kila siku cha mtu wa kawaida. Yaani ni kama sisi huku Bungoma tungeuita muziki wetu busuma, ugali, tukimaanisha kwamba ndio unaoshibisha. Lakini mbaqanga haikuota peke yake. Ilichanganya ngoma na nyimbo za wenyeji na mapigo ya jazi yaliyofika kwa santuri na kwa filamu, na wachezaji wake wengi walikuwa hao hao wachezaji wa jazi. Makeba na Masekela wote wawili walishiriki mwaka 1959 katika King Kong, onyesho lililotangazwa waziwazi kuwa opera ya jazi.

Isitoshe, sisi Waafrika Mashariki hatuna haki ya kuwa wachoyo wa neno hili. Franco na wenzake walianzisha OK Jazz mwaka 1956 wakipiga rumba. Mbaraka Mwinshehe alivuma na Morogoro Jazz. Daniel Owino Misiani alipiga benga, na bendi yake ikaitwa Shirati Jazz. Hakuna aliyewashtaki kwa kulitumia neno vibaya. Katika Kiswahili, jazi ilipanuka maana hadi ikawa jina la bendi yoyote yenye magitaa na ari ya kisasa. Maneno ya kukopa hufanya hivyo: yakishavuka mpaka hulipa kodi kwa mwenyeji mpya. Kwa maana yetu basi, na kwa nasaba yake pia, muziki wa Sarafina! ni jazi.

Kuna hata kisa kinachoifunga filamu hii na jazi kwa fundo la ajabu. Masekela alipokuwa na umri wa miaka 14 aliona filamu ya Marekani iitwayo Young Man with a Horn, ambamo Kirk Douglas anaigiza mpiga tarumbeta, huku tarumbeta yenyewe ikipigwa na Harry James. Kijana alitoka pale amenaswa. Akamwomba kasisi wa shule yake, Trevor Huddleston, amtafutie tarumbeta, naye akamtafutia. Baadaye Louis Armstrong mwenyewe akawatumia vijana wale tarumbeta yake moja kutoka Marekani. Kwa hiyo muziki wa filamu moja ya jazi ulimzaa mtu ambaye miongo kadhaa baadaye angetunga nyimbo za filamu nyingine.

Sasa turudi kwenye swali. Kuna muziki wa filamu unaodumu kwa sababu ya ubora wa kusikilizwa. Mfano wake mkubwa katika jazi ni ule aliourekodi Miles Davis jijini Paris mwezi Desemba 1957, kwa ajili ya filamu ya Louis Malle, Ascenseur pour l'échafaud. Davis na wenzake wanne walitazama vipande vya filamu usiku na kupiga papo kwa papo. Mpaka leo ukiusikia unaona barabara yenye mvua na mwanamke anayemtafuta mtu asiyekuja. Ni kazi ya ajabu. Lakini hakuna anayeosha vyombo huku akiuimba. Unausikiliza, unanyamaza, unauacha ulipo.

Sarafina! ni kinyume chake. Hudumu kwa sababu mtu anaweza kuichukua akaondoka nayo. Hii ndiyo hoja yangu ya kwanza. Nyimbo zake zimejengwa kwa ajili ya wanafunzi wengi wasio na ala wala fundi wa sauti. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia; sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu zinapangana kama katika kwaya yoyote ya kanisa. Mtoto wa Bukusu hahitaji kufundishwa mtindo huo. Mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, usiku kucha anasikia mtangulizi akiimba na umati ukimjibu, chinyimba zikilia mikononi mwa mtahiriwa, na alfajiri kijana akirudishwa kutoka mtoni kwa sioyaye. Jumapili anaipata kwaya kanisani, na Jumatatu wimbo wa taifa gwarideni. Soweto ilipomfikia ilikuta nafasi yake imeshatengwa. Hata Sala ya Bwana, ambayo katika filamu wanafunzi wanaiimba na kuichezesha, sisi tulikuwa tukiitamka kila asubuhi. Kumbe inaweza kuchezwa!

Kwa kulinganisha, muziki wa ala uliotayarishwa na Stanley Myers kuisindikiza filamu hiyo hiyo haukutoka nje ya mlango wa ukumbi. Si mbaya. Ila hakuna niliyewahi kumsikia akiupigia mluzi. Na filamu yenyewe, nikiwa mkweli, ina kasoro zake. Inaruka kutoka ngoma hadi mateso ya gerezani kwa ghafla inayomwacha mtazamaji bila pumzi wala mwelekeo, na baadhi ya watu wazima humo wamechorwa kijuujuu. Ukiondoa nyimbo, sidhani kama tungekuwa tunaizungumzia leo. Nyimbo ndizo zilizoibeba filamu mgongoni.

Hoja ya pili ni ya lugha, na hapa ndipo sarufi niliyoiahidi inapoingia. Chukua jina la wimbo mmoja, Lizobuya. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeelewa upatanisho wa kisarufi hatahangaika nao. Li- mwanzoni ni kiambishi cha ngeli, kama li- yetu katika ngeli ya LI-YA. -Zo- inaonyesha wakati ujao. -Buya ni kurudi. Yaani "litarudi", na linalorudi katika Kizulu ni izwe, nchi. Muundo ni ule ule: ngeli, wakati, mzizi. Tena Mbukusu anaipata li- hiyo kinywani mwake kila anapotaja jina lake, maana jina kwetu ni lisina.

Au chukua Safa Saphel' Isizwe. Mzizi -fa si mgeni. Ni kufa kwa Kiswahili, khufwa kwa Lubukusu. Isizwe ni taifa, na kiambishi chake isi- ndicho ki- ya Kiswahili katika ngeli ya KI-VI. Hapa Lubukusu kiko karibu na Kizulu kuliko Kiswahili, kwa sababu kile ambacho Mswahili hukiita kitabu, Mbukusu hukiita sitabu. Maji ni amanzi kwa Mzulu na kamechi kwa Mbukusu. Ngeli ni moja, ya vitu vya majimaji na vya wingi. Sisemi kwamba tulikuwa tukiyachambua haya tukiwa watoto. Nasema sikio huchambua kabla ya akili. Tuliimba maneno tusiyoyajua bila ulimi kujikwaa, kwa sababu silabi zake zinaisha kwa irabu kama zetu na mizizi yake inatoka katika kisima kimoja na chetu. Wimbo wa Kijerumani ungetutesa zaidi.

Mtu makini ataniuliza: mbona wimbo unaojulikana kuliko yote, huo huo wa mpwa wangu, umeimbwa kwa Kiingereza? Swali ni la haki na linauma. Maasi ya 1976 yalianza kwa sababu ya lugha. Serikali ya makaburu ilikuwa imeamuru mwaka 1974 kwamba nusu ya masomo katika shule za Waafrika yafundishwe kwa Kiafrikana, yakiwemo hisabati. Wanafunzi wakakataa, wakaandamana, wakapigwa risasi. Hector Pieterson aliyekufa siku ile alikuwa na umri wa miaka 12. Lakini lugha waliyoitaka badala yake darasani, wengi wao, ilikuwa Kiingereza. Filamu imerithi mkanganyiko huo. Ahadi ya uhuru inatolewa kwa Kiingereza ili dunia isikie. Kilio cha taifa linalokufa kinatolewa kwa Kizulu. Mimi naona mgawanyo huu ni sehemu ya siri ya muziki wenyewe. Kiingereza kilitufungulia mlango, Kizulu kikatuweka ndani. Lakini siwezi kujifanya kwamba hakinisumbui.

Kinanisumbua kwa sababu ya diski.

Niliona Sarafina! kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya tisini, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Ilikuwa Jumamosi usiku. Televisheni na deki ya video viliwekwa juu ya meza mbili zilizopandanishwa katika bwalo la chakula, nasi mamia tukabanana sakafuni. Wakati huo shingoni mwangu nilikuwa na diski, kipande cha ubao chenye kamba. Mchana nilikuwa nimemwambia rafiki yangu kwa Lubukusu kwamba uji umeungua. Aliyekuwa na diski akanisikia, akanivisha, akaenda zake akiwa huru. Sheria mnaijua: unavaa mpaka umnase mwingine, na anayekutwa nayo jioni ya mwisho wa wiki ana hesabu na mwalimu wa zamu. Kiswahili nacho kilikuwa na siku zake maalumu. Nje ya siku hizo nacho kilikuwa kosa.

Basi nikaitazama filamu nzima, watoto wa rika langu wakifa kwa kukataa lugha ya kulazimishwa, huku ubao ukinigonga kifuani kila ninapopumua. Nilipiga makofi. Nililia Sarafina alipoteswa. Tulipotoka tuliimba mpaka mabwenini, mamia ya wavulana gizani, Kizulu kitupu, viranja wakiimba nasi. Hakuna aliyeandikwa jina. Kizulu hakikuwa lugha ya mama ya yeyote pale, kwa hiyo hakikuwa hatari kwa yeyote. Ningeimba maneno yale yale kwa Lubukusu, ningekula kiboko Jumatatu.

Wakati ule sikuliona jambo hilo. Nilikuja kuliona miaka mingi baadaye chuoni, niliposoma kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o, Decolonising the Mind, anapoeleza jinsi watoto wa enzi yake walivyovishwa kibao kwa kosa la kusema Kikuyu. Nilidhani nasoma historia, kumbe nasoma ripoti yangu ya shule.

Na Ngũgĩ ananiletea jambo jingine. Tunaipenda Sarafina! tukidhani ni kitu kilichowezekana Afrika Kusini peke yake, nchi ya mapambano. Lakini mwaka 1977, miaka kumi kabla ya Ngema, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza kwa lugha yao Ngaahika Ndeenda, tamthilia yenye nyimbo na ngoma. Ikapigwa marufuku, na Ngũgĩ akatiwa kizuizini kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1982 wakajaribu tena na Maitũ Njugĩra, tamthilia ya muziki iliyochota nyimbo kutoka lugha mbalimbali za Kenya. Wakafungiwa Ukumbi wa Kitaifa, kisha ukumbi wao wa kijijini ukabomolewa. Hatukukosa vipaji basi, wala watazamaji. Tulikosa ruhusa. Ndiyo maana binti wa Malakisi leo anajua kuimba juu ya Soweto na hajui kuimba juu ya Malakisi.

Maana Malakisi nayo ina lake. Mwezi Februari 1948, polisi wa serikali ya kikoloni waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini iliyoongozwa na Elijah Masinde, papa hapa Malakisi. Watu 11 waliuawa. Nilikulia njia hizi za kwenda sokoni na mtoni, na shuleni sikuwahi kufundishwa wimbo wa tukio hilo. Nilifundishwa wa Soweto na kanda ya video. Siilaumu kanda. Inanionyesha tu kwamba kumbukumbu isiyo na wimbo huchakaa mapema, na yenye wimbo mzuri huvuka mipaka mitano ikamfikia mtoto anayeosha vyombo.

Kwa hiyo nikiulizwa kwa nini muziki huu hauzeeki, nasema ni kwa mambo matatu. Umetengenezwa uimbwe na wengi. Umeimbwa katika lugha iliyo ndugu na zetu, hata tusipoielewa. Na deni unalolitaja bado halijalipwa, wala si Afrika Kusini peke yake. Tangu mwaka 1991 tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, nasi huiadhimisha kwa hotuba, nyingi zikiwa za Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya 2010 inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inaiagiza serikali ikuze lugha za kiasili. Karatasi iko sawa. Ni bwenini na gwarideni ambapo haijafika.

Nilimweleza mpwa wangu haya, si yote, kiasi ambacho chai iliniruhusu. Alikuwa hajui kwamba walioandamana walikuwa wanafunzi, wala kwamba kisa kilikuwa lugha. Alinyamaza, sufuria mkononi.

"Kwenu bado kuna diski?" nikamuuliza.

"Hapana, khocha. Hiyo ni ya zamani." Akaisugua sufuria. "Siku hizi unaandikwa tu. Mara tatu unaita mzazi."

"Wewe umeandikwa?"

"Mara mbili."

"Kwa kusema nini?"

Akacheka. Alikuwa amemwambia mwenzake kwa Lubukusu, siku ya mazoezi ya drama, kwamba ameanza wimbo juu mno.

Nikamwomba auanze tena, safari hii chini kidogo, nami nikaitikia. Sauti yangu si ya kusifiwa. Kukhu, mama yangu, alitoka ndani akatuangalia. Filamu hiyo hajaiona maishani mwake. Tulipofika kwenye kiitikio mara ya pili alikuwa ameshaingia nasi, akiipanga sauti ya tatu mahali pake pasipo mtu wa kumwonyesha.